Usiniulize maji vikombe vingapi

Watu wakishajua unapenda kupika wali swali linakuwa moja tu, maji vikombe vingapi. Mabinti wa hapa mtaani kwetu Nyegezi, Mwanza, wananiuliza, shemeji yangu aliyehamia gheto lake ananiuliza WhatsApp saa mbili usiku njaa imeshamshika, na kuna mama mtu mzima kabisa, ana wajukuu, aliniuliza kwenye foleni ya mashine ya kukoboa kama vile kuna namba ya siri nimeificha. Na mi kila mtu namrudishia swali, mchele gani, sufuria gani, unapikia moto gani? Wanaona naringa. Siringi jamani, namba haipo, na hii kanuni ya "mchele kimoja maji viwili" naona imeharibu wali wa watu wengi kuliko hata moto mkali.

Iko hivi. Mchele unakunywa maji kiasi chake, ukishiba umeshiba. Kikombe cha mchele kinanyonya kama kikombe kimoja cha maji, mchele mkavu wa zamani unazidisha kidogo, mchele mpya unapunguza kidogo, basi. Hayo mengine unayoongeza kazi yake ni kupaa na mvuke wakati unachemsha. Sasa mvuke hauangalii umepika mchele kiasi gani, unaangalia mdomo wa sufuria, mfuniko unabana au unacheza, moto mkali au wa wastani, na umechemsha muda gani. Kwa hiyo mtu akipika kikombe kimoja cha kula mwenyewe akatia maji viwili, kimoja kimeingia kwenye mchele, kimoja kimepaa, wali umetoka safi, anaamini amepata kanuni ya maisha. Siku wageni wakija anapika vikombe sita kwenye sufuria iliyozidi kidogo tu ile ya kwanza, anatia maji kumi na mbili kwa sababu kanuni ndo inasema hivyo, mchele unakunywa sita, mvuke unaondoka na mawili labda matatu, haya yaliyobaki yanaenda wapi? Yanabaki humo humo yanaendelea kuupika hadi unakuwa bokoboko, wageni wanakula kwa heshima tu, na mwenye wali anasingizia mchele.

Bibi zetu hawakuhangaika na vikombe, walitumbukiza kidole. Unasawazisha mchele ndani ya sufuria, unatia maji, unasimamisha kidole cha kati ncha ikigusa juu ya mchele, maji yakifika pingili ya kwanza umemaliza. Vijana wanaona ushamba, au wanaleta ubishi kwamba vidole vya watu havilingani, ni kweli havilingani ila tofauti yenyewe ni milimita chache. Uzuri wa kidole ni kwamba maji yaliyoingia katikati ya punje yanaongezeka yenyewe kadiri mchele unavyoongezeka, halafu yale ya juu, yale ya kupaa, yanabaki kimo kilekile. Wachina na Wafilipino nao wanapima hivihivi, na wengi wao wali ni wa kila siku, kwa hiyo usimcheke bibi.

Ila kidole nacho kina mwisho wake. Kinafaa sufuria ya familia, mchele ukiwa umelala kimo cha sentimita mbili tatu. Ukienda kwenye sufuria la shughuli, lile la kuzungushiwa kuni pande zote, mchele una kina kirefu na pingili moja ya maji juu yake haitoshi, wa chini utaiva wa juu utabaki na kiini. Wale akina mama wanaopika ubwabwa wa harusi hawatumii kidole wala kikombe, wanachemsha maji kwanza, wanamimina mchele, wanaangalia, wanapunguza maji kwa bakuli au wanaongeza, wanaonja, yaani wako kazini na macho yote. Ukipata nafasi kaa karibu yao siku ya shughuli badala ya kukaa kwenye kiti cha mbele unasubiri keki. Mi nimejifunza zaidi pale nyuma ya nyumba, kwenye moshi.

Sasa tuje kwenye mchele wenyewe, maana hapa ndo penye kazi, sehemu kubwa ya wali mzuri unakuwa umeshainunua au umeshaikosa sokoni kabla hujawasha jiko.

Sisi wa Kanda ya Ziwa kwa mchele hatuna cha kulalamika. Mpunga unalimwa Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, ukitoka nje ya mkoa unakutana na Geita, Shinyanga, Kahama, unashuka mpaka Tabora, mwingi kwenye majaruba yaliyochimbwa kwenye udongo mweusi wa mbuga yanasubiri mvua. Zamani kwa Wasukuma wengi wali ulikuwa chakula cha sikukuu na wageni, siku za kawaida ni ugali, na njaa ikikaribia kuna michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku hizi wali ni wa Jumanne tu, hauna sababu. Mama mkwe wangu yuko Magu ana majaruba yake, mavuno yakitoka, mwezi wa tano wa sita hivi, anatutumia gunia kwa basi, na kabla basi halijafika Igoma ameshapiga simu, "Mkwe wangu, huo bado mbichi mbichi, maji punguza." Kila mwaka anasema na kila mwaka naitikia "ndiyo mama" kama ndo mara ya kwanza kusikia.

Na yuko sahihi kabisa. Mchele mpya bado una unyevu ndani yake na wanga wake ni laini, ukiupa maji ya mchele wa zamani unalegea na kushikana. Ukikaa miezi kadhaa unakauka, unakuwa mgumu, unanyonya maji mengi zaidi na punje zinachambuka moja moja. Wafanyabiashara wa India na Pakistani wanaliweka basmati kwa makusudi mwaka mzima au zaidi ndo wanauza, mchele mzee ndo una bei. Sisi huku tunakimbilia mpya kwa sababu unanukia. Ndo mtego wenyewe huo, harufu nzuri na kuchambuka vinavutana. Ile harufu ya Supa inatoka kwenye kemikali ambayo ndo hiyohiyo ipo kwenye bisi zinazotoka motoni, na kadiri mchele unavyokaa ghalani inapotea polepole. Kwa hiyo we chagua, unataka wali unaonukia mpaka kwa jirani lakini unashikana kidogo, au wali uliosimama kila punje na kivyake lakini harufu imepungua. Mi kwa maharage na dagaa nachukua mpya, raha yenyewe ushikane kidogo ubebe mchuzi. Kwa pilau hapana, pilau inataka mchele wa mwaka jana.

Halafu kuna aina. Supa kila mtu anaijua. Kuna Saro, jina lake la kitaalamu TXD 306, ilitoka kituo cha utafiti cha Dakawa kule Morogoro, wakulima wanaipenda kwa kuzaa sana. Kuna mchele wa Kyela ambao ni mtamu kweli, ila Kyela iko mbali huko Mbeya kwenye Ziwa Nyasa, na kwa wingi wa magunia yanayoitwa Kyela hapa mjini hiyo wilaya ingekuwa na ukubwa wa nchi nzima. Tofauti ya aina hizi ukiacha harufu iko kwenye wanga. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amailosi na amailopektini, mchele wenye amailosi nyingi unachambuka na ukipoa unakauka, wenye amailopektini nyingi unanata. Huo ni uumbaji wake, hata uwe fundi vipi huwezi kuulazimisha mchele wa kunata uchambuke kama basmati. Unaweza kuupunguzia kunata tu.

Kinachoniudhi mimi ni mchele wa kuchanganya. Kuna muuzaji mmoja, soko silitaji, aliniuzia kilo tano akaapa ni Supa tupu, kufika nyumbani naupika nusu imeshakuwa uji nusu bado ina kiini, kumbe amechanganya mpya na wa zamani, pengine na aina mbili tofauti. Mchele wa hivyo hauna dawa, hakuna kiasi cha maji kitakachoridhisha pande zote mbili. Kwa hiyo siku hizi sinunui bila kushika. Namwaga kiganjani naangalia urefu wa punje kama zinafanana, rangi kama ni moja, natafuta zile punje nyeupe pee kama chaki zikiwa nyingi naachana nao, halafu natafuna mbili tatu. Mchele wa zamani unakatika kwa kishindo, mpya unasagika taratibu. Muuzaji anaweza kununa, mwache anune. Na ukiwa na mashaka nunua kilo moja kwanza ukapike, gunia utalirudia.

Nyumbani unauchambua. Mashine nyingi za siku hizi zinatoa mawe ila mchele wa kukobolewa kijijini usiuamini, na jiwe moja kwenye jino linaharibu sinia zima la kazi nzuri. Wakati unachambua pepeta na chenga utoe, hasa kama unataka wali wa kuchambuka, maana chenga zinaiva mapema zinaachia wanga mwingi unaogandisha wenzao. Usizitupe, za uji hizo, na vitumbua pia. Kuosha, osha mpaka yale maji meupe yapungue, sio lazima yawe maji ya kunywa, na usiusugue mchele kama unafua jinzi, punje zinavunjika halafu umejitengenezea chenga mwenyewe. Kuroweka ni kwa basmati na mchele mzee, nusu saa inatosha. Mchele mpya wa Magu ukiuroweka umeutafutia matatizo tu, na ukiroweka wowote ule kumbuka umeshakunywa maji, upunguzie kwenye sufuria.

Mimi wa siku za kawaida nafanya hivi. Mchele umeoshwa, umechujwa, umekaa kwenye chujio unadondosha maji yake. Nabandika sufuria nzito yenye kitako kinene, nyepesi zile za alumini zinaunguza, natia mafuta kidogo, zamani ilikuwa ni mafuta ya pamba maana huku ndo kwenye pamba, siku hizi alizeti au chochote kilichopo. Natia mchele na chumvi naugeuza geuza dakika moja mbili mpaka punje zing'ae. Mafuta yanazizungushia punje zisishikane, na yanapunguza lile povu linalofurika na kuchafua jiko. Halafu maji, na maji yawe yameshachemka pembeni kwenye birika, kwa sababu ukitia ya baridi sufuria inarudi nyuma, mchele unakaa kwenye maji ya vuguvugu unalainika nje ndani bado. Kiasi ndo hicho cha kidole. Wenye kupenda wali mweupe sana kamulia ndimu matone machache, asidi inaung'arisha, na kama maji yenu ni ya kisima chenye magadi magadi utaona tofauti haraka kwa sababu magadi yanaufanya wali uwe na unjano.

Hapo moto uwe wa nguvu, mfuniko umeachwa wazi kidogo. Koroga mara moja tu mwanzoni ili usishike chini, baada ya hapo mwiko weka mbali. Nasema tena mwiko weka mbali! Mtu anayekoroga wali kila dakika anavunja punje na kukamua wanga, halafu anashangaa umegandana. Subiri mpaka maji yasionekane juu na uone vitundu vitundu vinapumua. Ukiona hivyo geuza mara moja, wa chini uje juu wa juu uende chini, taratibu, sawazisha, punguza moto mpaka mwisho wake, funika. Kuanzia hapo wali unaiva kwa mvuke, maji ya kuchemka yameshamaliza kazi.

Na hapa ndo kwenye kupalia. Kwa jiko la mkaa ni rahisi, unapunguza makaa chini unabakiza machache, yale mengine unayapanga juu ya mfuniko, joto linakuja chini na juu, unyevu wa juu unakauka sawasawa na wa chini. Wali wa kupalia una ladha yake na ukitaka kubishana na mimi njoo na hoja. Sasa wengi tumehamia kwenye gesi. Serikali ina mkakati wake wa mwaka 2024 mpaka 2034 kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi gesi naipenda, mama zetu wamelia na moshi vya kutosha. Lakini kwenye kampeni zote hizo sijasikia mtu anafundisha kupalia kwa gesi. Huwezi kuweka makaa juu, na moto wa gesi hata ukiupunguza unapiga sehemu moja katikati, matokeo yake ukoko mweusi katikati na wali mbichi pembeni. Mi natumia chuma cha chapati, nakiweka kwenye jiko halafu sufuria juu yake, moto unasambaa. Juu ya mfuniko nabandika sufuria ndogo yenye maji yaliyotoka kuchemka, inakandamiza mfuniko mvuke usitoroke na inautia mfuniko joto ili ule mvuke usigeuke matone yakarudi kudondokea wali. Kama huna sufuria ya pili basi hata jiwe safi litakandamiza, tuko Mwanza, mawe tunayo.

Kuhusu nailoni. Najua mama ntilie wengi na hata majumbani watu wanafunika wali na mfuko wa nailoni halafu mfuniko juu yake, na najua wali unaiva vizuri kwa sababu mvuke hautoki kabisa. Lakini mifuko ile haikutengenezwa kukaa juu ya chakula kinachofuka, na mifuko ya plastiki yenyewe ilishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, sasa unaitoa wapi? Jani la mgomba linafanya kazi hiyohiyo na zaidi linatoa harufu nzuri, waulize watu wa Bukoba na Ukerewe. Unalipitisha kwenye moto kidogo lilegee lisichanike, unalilaza juu ya wali, unafunika. Kitambaa safi cha pamba nacho kinafaa, kinanyonya matone, ila pindisha ncha zake juu zisifikie moto.

Dakika kumi na mbili, kumi na tano, zima. Halafu usifunue. Uache upumzike dakika kumi kabla ya kupakua, unyevu unasambaa, punje za juu zinamalizia, za chini zinaachia sufuria. Watu hawapendi kusikia hili la kusubiri wakati mchuzi wa sato uko tayari na watoto wameshakaa mkekani na vijiko.

Nina wifi yangu yuko Tanga, fundi wa wali wa nazi haswa, ananitumia voisi ndefu za kunielekeza na kila siku tunabishana kwenye muda. Yeye akisema dakika fulani mimi huku bado. Nikamwambia wifi, sikiliza, wewe uko usawa wa bahari, sisi huku ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na ukipanda hivyo maji yanachemka kwenye joto la chini, kama nyuzi 96 badala ya 100. Kwa wali nyuzi nne hizo sio balaa, ni dakika chache za kuongeza, lakini ukiongeza dakika umeongeza na mvuke, kwa hiyo na maji kidogo. Kwenye maharage ndo utaiona tofauti vizuri. Akanijibu, "Wifi, wewe moto wako tu ndo mdogo." Sawa.

Kwenye nazi lakini sibishani naye. Nazi huku inakuja na lori kutoka pwani, ikifika bei imeshachangamka na nyingine ukivunja imeshaoza, ndo maana wali wa nazi Mwanza ni wa wikiendi na mwenye haraka ananunua tui la kopo. Anavyonifundisha yeye ni kwamba usipike na tui zito tangu mwanzo, litashika chini na kuungua kabla mchele haujaiva. Ikune nazi, kamua tui la kwanza weka pembeni, tia maji ya vuguvugu kamua la pili na hata la tatu, hilo jepesi ndo unachemshia mchele pamoja na chumvi. Maji yakikaribia kukauka unamimina lile zito, unageuza mara moja, unapalia. Mafuta hapo huhitaji, nazi yenyewe ina mafuta. Kwa tui la kopo ni hivyohivyo, tenga robo tatu ya kopo, ile robo iliyobaki ichanganye na maji upikie.

Raiskuka nazo, zile sufuria za umeme za kupikia wali, kuna watu wanazidharau kama vile ni za wavivu. Mi sina tatizo nazo. Ile ya kwanza ya kujizima yenyewe Toshiba waliitoa Japani mwaka 1955, na akili ya hizi za kawaida za siku hizi ni rahisi mno, haihesabu dakika hata moja. Maji yakiwepo ndani joto la sufuria haliwezi kupanda kuzidi la kuchemka, yakishaisha kunyonywa joto linapanda ghafla, chombo kinahisi, kinajizima. Kwa hiyo hata huku kwetu juu inajirekebisha yenyewe bila kuambiwa. Inachotaka ni maji sahihi, na mfuniko wake unabana, kwa hiyo yanayopaa ni machache, punguza. Tatizo lake ni moja, umeme ukikatika katikati. Ukikatika usifungue, funika na blanketi zito au kanga mbili tatu, joto lililomo ndani linaweza kumalizia kama maji yalishakauka. Kama bado yanaelea hamishia kwenye gesi haraka.

Wali ukikataa, inategemea umekataa vipi. Una kiini na maji yameisha, nyunyizia maji ya moto, sio ya baridi, kwa kiganja, funika, moto mdogo. Umeiva lakini maji yapo, funua mfuniko yaruke kwenye moto mdogo, au yachuje kabisa halafu rudisha upalie. Umeungua, usigeuze hata kidogo, toa sufuria motoni, pakua wa juu uhamishie sufuria nyingine, ule moshi wa chini usipande. Bokoboko halirudi kuwa wali, hilo ongeza maziwa na sukari na iliki wape watoto watakushukuru. Ukoko uliokauka vizuri bila kuwa mweusi sio hasara, nyumbani kwangu unagombewa, tia maji kidogo kwenye sufuria ukiwa bado wa moto, funika dakika mbili unabanduka wenyewe.

Kiporo nacho. Kuna wanaopika wali wa usiku mwingi makusudi ili asubuhi wanywe nao chai, mi mmojawapo, na wali wa kukaanga na kitunguu, karoti na hoho unatoka vizuri ukitumia kiporo kuliko wali wa sasa hivi, kwa sababu ukipoa wanga unakaza na punje hazivunjiki kwenye kikaango. Lakini usiuache kwenye sufuria juu ya jiko mpaka kuche. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa vuguvugu masaa mengi zinaamka zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo moja haifi hata ukiupasha moto ukafuka. Kutapika kwake si mchezo. Kwa hiyo mkishamaliza kula tandaza uliobaki kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja hivi, weka kwenye chombo chenye mfuniko uingie friji, asubuhi pasha mara moja ule uishe. Wasio na friji pikeni wa kuisha. Na wa nazi huo usijaribu kabisa, ukilala nje asubuhi mwaga.